Benchi la Sauti ya Juu

Arzula Wigley alishona ncha za soksi tangu ujana wake, na kila soksi iliyopita mikononi mwake ilipita ikiimbiwa. Si kwa sauti. Midomo tu ndiyo iliyotembea. Mashine yangu ilikuwa kando ya yake pale kiwandani, bondeni chini ya mlima wetu, kwa hiyo nilizoea kuisoma midomo ile: fa, sol, la, fa, sol, la, mi, kisha fa tena, na soksi nyingine inaanguka kapuni.

Sisi wa Sand Mountain, kusini mwa Marekani, tulifundishwa kuimba hivyo kabla hatujafundishwa kusoma. Kitabu chetu cha nyimbo kina noti zenye maumbo. Pembetatu ni fa, duara ni sol, mraba ni la, almasi ni mi. Kila wimbo tunauimba kwanza kwa majina ya noti, toka mwanzo hadi mwisho, ndipo tunarudi na kuyaimba maneno. Hakuna piano, hakuna gitaa. Tunakaa kwenye mabenchi yaliyopangwa mraba, tenor wakitazamana na alto, besi wakitazamana na sauti ya juu, na katikati inabaki nafasi ya mtu mmoja kusimama na kuongoza kwa mkono. Hatuna wasikilizaji. Anayeingia mlangoni anapewa kitabu na kuulizwa anaimba sauti gani.

Kazi ya Arzula, tuliyemwita Zula, ilikuwa kutoa noti ya mwanzo. Alifumba macho, akatusikiliza tunavyopumua, akajua tumeamkaje siku hiyo na hewa ni nzito kiasi gani. Halafu akatoa noti moja, nayo tukaishika sote. Baba yake alifanya kazi hiyo kabla yake, na siku za baba yake nyimbo zilifika darini. Miaka ya karibuni Zula alikuwa akitushushia noti. Hakusema, na sisi hatukusema, lakini kila mmoja alijua. Benchi la sauti ya juu lilikuwa likipungua kila majira ya baridi, na aliyebaki pale peke yake, Bibi Icie Ledlow, alikuwa na pumu na miguu iliyovimba. Zula aliushusha wimbo ili Bibi Icie aufikie.

Mwezi wa pili Bibi Icie akafa.

Tulimwimbia kaburini, pande tatu tu. Upepo ulikuwa mkali na ardhi imeganda, na ilikuwa kama kuna mashimo mawili pale, moja chini na moja hewani. Mjukuu wake, Jolena, alikuwa amesimama na familia. Jolena alikuwa ameondoka mlimani akiwa na miaka kumi na tisa kwenda Nashville kuimba muziki wa kantri, na hadi siku ile alikuwa ametoa albamu mbili ambazo watu walizinunua kwa kumhurumia. Wimbo ulipofika mstari wa pili aliwaacha ndugu zake, akavuka hadi mahali ambapo bibi yake angesimama, akafungua kinywa. Noti ilitoka nyembamba na safi. Nilimwona Zula akishika mkono wa mumewe.

Baadaye, penye magari, wanaume waliamua jambo ambalo wote tulilitarajia. Tutaimba Jumapili ya pili ya Julai kama kila mwaka, siku yetu kubwa. Benchi la sauti ya juu likiwa tupu siku hiyo, tutaifunga nyumba yetu ya kuimbia, na mabenchi tutawapa watu wa kanisa la bondeni. Zula alisikiliza, akafunga vifungo vya koti lake hadi shingoni, akaingia garini. Wiki ile yote kiwandani midomo yake haikutembea hata mara moja.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Jolena alipokuja jikoni kwa Zula, nami nimekaa pale nikimenya viazi.

"Shangazi Zula, ule wimbo wa kaburini. Nauomba kwa ajili ya albamu yangu."

"Uchukue. Wimbo si wangu."

"Nataka muuimbe nyinyi. Wote."

Zula aliendelea kukanda unga. "Sisi hatuimbi ili tusikilizwe, mwanangu, unalijua hilo. Bibi yako angekupiga kwa kitabu."

"Alishanipiga nacho. Kona yake naijua vizuri."

Orbie, mume wa Zula, alishusha gazeti. Orbie alifuga kuku na kuimba besi, na kazi zote mbili alizifanya kwa kelele. "Mimi naenda Nashville," akasema. "Anayetaka kubaki, abaki na kuku."

"Nani amekualika wewe?" Zula akamuuliza.

"Besi haialikwi, bibie. Besi hubebwa tu, kama stepni."

Jolena alicheka, lakini Zula alikuwa amesimamisha mikono juu ya unga. "Na sauti ya juu ataimba nani?"

"Mimi."

Unga ukapigwa kofi, ukageuzwa. "Basi mabenchi yakae mraba," Zula akasema. "Na sitaki mtu aliyekaa tu anatusikiliza."

"Fundi mitambo lazima asikilize, Shangazi. Ndiyo kazi yake."

"Naye apewe kitabu."

Tulikwenda Aprili, na mabenchi yetu wenyewe nyuma ya pikapu ya Orbie, yamefunikwa turubai. Studio ilikuwa na mazulia hadi ukutani. Prodyuza, Garnett Sykes, alikuwa mtu mpole mwenye nywele nyeupe hadi mabegani, na Orbie alimwita "mama" mara moja kwa bahati mbaya na mara tatu kwa makusudi. Fundi mitambo alipewa kitabu kweli. Alikishika juu chini.

"Rafiki zangu," Garnett akasema, "redio hazitupi zaidi ya dakika tatu. Hizo noti mnazoimba mwanzo tuziruke. Anzeni na maneno."

"Hakuna shida," Zula akasema.

Taa nyekundu ikawaka. Zula akafumba macho, akatoa noti. Mkono wake ukashuka, na sote, kwa mpigo mmoja, kwa nguvu zetu zote, tukaimba fa sol la.

Garnett akasimamisha mitambo. "Maneno, jamani."

"Samahani. Maneno," Zula akasema.

Taa ikawaka. Fa sol la.

Mara ya tatu tulikodoleana macho kabla ya kuanza, kila mmoja ameuma midomo. Nusu wakaimba maneno, nusu wakaimba noti, na mzee mmoja wa tenor akanyamaza kabisa kwa hofu. Ilikuwa kama mbweha kaingia kwa kuku. Jolena alijikunja kwenye benchi lake akicheka machozi, maana yeye mwenyewe, pamoja na miaka yake yote ya Nashville, alikuwa ameimba noti.

"Bwana Garnett," Orbie akasema, "mdomo wangu haunisikilizi. Ulizaliwa kabla yangu."

Zula ndiye aliyeona aibu zaidi. Mashavu yalimwiva. Alijua kila jicho la benchi lilimfuata yeye, na yeye kila mara alikuwa wa kwanza kusema fa.

"Imbeni mlivyozoea," Garnett akasema mwishowe. "Kile kipande cha mwanzo nitakikata mwenyewe baadaye. Mkasi ninao."

Basi tukaimba tulivyozoea. Zula alitoa noti ya chini, ile ya miaka ya Bibi Icie, na Jolena akakaa peke yake upande wake wa mraba akiibeba sauti ya juu kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa. Tulipomaliza, fundi mitambo alikuwa amegeuza kitabu, amekishika sawasawa.

Njiani kurudi Zula aliuliza mara moja tu. "Atakata kweli?"

"Amesema atakata."

"Akate. Watu watadhani tumerukwa na akili."

Albamu ilitoka mwezi wa tano. Jolena aliiita *Jumapili ya Pili*. Nilikuwa kwenye mashine yangu, redio ya kiwanda ikining'inia kwenye nguzo, nyimbo zikipita kama zinavyopita, na kisha ikatoka noti moja ya mwanamke, bila chombo chochote, chini kidogo, na mashine ya jirani yangu ikabadilika mlio.

"Huyo mimi," Zula akasema.

Halafu sote tukatoka kwenye ile nguzo kwa mpigo mmoja. Fa sol la!

"Hajakata!" Zula akapiga kelele. "Hajakata, yule mtu! Hajakata!"

Aliruka na kiti kikaanguka, lakini hakufika mbali, kwa kuwa mashine ilikuwa imeshona soksi pamoja na mkono wa sweta yake. Alibaki pale, amefungwa kwa soksi nyeupe ya mtoto, anacheka na kulia. Wanawake walizima mashine zao, mstari hadi mstari, mpaka ukumbi mzima ukanyamaza na ikabaki sisi tu kwenye redio.

"Zula, hiyo ni lugha gani mnaimba? Kilatini?" mmoja akauliza.

"Ni maumbo, we mjinga!" Zula akamjibu kwa furaha. "Pembetatu, duara, mraba!"

Jioni alimpigia Jolena simu. "Mtu wako ana mkasi butu!"

Hata mimi niliyekuwa ng'ambo ya meza niliisikia sauti ya Jolena ikicheka. "Alikata, Shangazi. Akairudisha mwenyewe. Anasema aliamka asubuhi akajikuta anaziimba noti zile akikaanga mayai, na maneno hakumbuki hata moja."

Sijui niseme vipi kilichofuata, kwa maana mlima wetu haujawahi kupata kitu kama kile. Wiki ya pili *Jumapili ya Pili* ilikuwa ya kwanza kwenye chati ya kantri. Ikapata rekodi ya dhahabu, ile ya nakala nusu milioni. Kabla mahindi hayajafika kiunoni watu wakaanza kusema platinamu, ile ya milioni nzima. Madereva wa malori waliimba fa sol la kwenye vituo vya mafuta. Watoto waliiimba kwenye basi la shule, na kwenye duka kubwa la bondeni msichana wa kaunta alipitisha mkate wangu na maziwa yangu akiziimba noti moja baada ya nyingine, wala hakujua kuwa anamwimbia mtu wa alto aliyekuwamo kwenye albamu ile. Orbie alisaini kofia ya mtu pale duka la chakula cha kuku. Akaja nyumbani akadai apewe kiti cha mezani chenye mikono.

"Kiti hicho ni cha wageni," Zula akamwambia.

"Mimi sasa ni wa platinamu, mke wangu."

"Basi ng'aa ukaokote mayai."

Zula alifurahi, nilimwona. Midomo yake ilirudi kutembea juu ya soksi, kwa kasi kuliko zamani. Lakini siku moja wakati wa chakula nilimwambia kwamba nusu ya Marekani sasa inaimba wimbo wetu, akatikisa kichwa. "Wanaimba kwenye magari yao," alisema. "Gari halina benchi." Na Juni ilikuwa inaisha.

Jumapili ya pili ya Julai tulipanda barabara ya nyumba ya kuimbia na vyungu vyetu magotini, na tulipofika kona ya mwisho Orbie akakanyaga breki.

Magari. Yalianza kwenye uzio wa makaburi na kwenda hadi shamba la jirani, yameegeshwa kwenye nyasi pande zote mbili, na namba za Georgia, za Tennessee, za Ohio. Watu waliovaa fulana zenye uso wa Jolena walikuwa wamesimama kivulini wakijipepea. Mtu mmoja mnene alikuwa ameweka kiti cha kukunja karibu na mlango, na boksi la barafu miguuni.

"Ee Bwana," Zula akasema. Alishuka kabla gari halijasimama.

Ndani, wageni walikuwa wamejaa ukutani, madirishani, hadi ngazini, na kamera shingoni, na katikati yao mabenchi yetu yalikuwa na watu wetu walewale. Mbele ya besi, benchi la sauti ya juu lilikuwa tupu. Hakuna mgeni aliyelikaribia. Waliliheshimu kama kiti cha makumbusho.

"Jolena yuko wapi?" mtu akauliza.

"Alikuwa na onyesho Texas jana," nikasema. "Amesema akiweza atafika."

Wengine wakaguna. Zula alitembea hadi mlangoni, akasimama mbele ya yule mnene wa kiti cha kukunja. "Baba, unangoja nini?"

"Tumekuja kuwasikiliza, mama. Tumeendesha gari toka Dayton."

"Basi mmepotea. Hapa hakuna wa kusikiliza."

Mwanamke mmoja mwenye nywele zilizopakwa wekundu akanyanyua mkono kama mwanafunzi. "Samahani, mama. Sisi hatujui kuimba hivi. Mimi noti sijui hata inakaaje."

Zula alimtazama, halafu akatazama benchi tupu. Siku yake ilikuwa ile, na nyumba ilikuwa imejaa watu, na mwisho wa yote ungekuwa uleule, kuifunga.

"Ule wimbo wa kwenye kaseti," akasema. "Mnaujua?"

"Tunaujua!" Ukuta mzima ulijibu.

"Maneno yake?"

Wakaangaliana. "Maneno kidogo," mwenye nywele nyekundu akakiri. "Ule mwanzo ndio unaotukaa kichwani."

Zula alirudi kwenye nafasi yake mbele ya tenor, akafumba macho, akatoa noti, na mkono wake mwenyewe ukashuka.

Tuliimba, sisi wa mabenchini. Na ukuta ukaimba. Fa, sol, la, bila kitabu, bila kukosea hata umbo moja, hadi mwisho. Ilinichukua mistari miwili kuelewa kwa nini sauti ile ilinipiga kifuani hivyo, nikaona Orbie naye amegeuza kichwa, kinywa wazi. Hawakuwa wakiimba besi yake, wala alto yangu, wala wimbo wa tenor. Wote, wanawake kwa wanaume, hadi yule mnene wa mlangoni kwa sauti yake nzito, walikuwa wakiimba sauti ya juu. Ndiyo waliyoisikia kwenye kaseti. Garnett alikuwa ameiweka sauti ya Jolena mbele ya zetu zote, kwa kuwa albamu ni yake, na watu walikuwa wamejifunza sehemu ya Bibi Icie wakiosha vyombo na kuendesha magari.

Tulipofika kwenye maneno waligongana, wakachanganyikiwa, wakaangua kicheko. Zula alikuwa analia waziwazi na anacheka.

"Wote mlioimba vile," akasema, na akanyoosha kidole, "benchi lenu ni lile pale. Haya! Mnangoja nini? Baba, acha hicho kiti, njoo!"

Lilijaa kwa dakika moja. Likajaa la nyuma yake. Wanaume wetu walikimbia kwenye ukumbi wa chakula wakaleta mabenchi mengine, yakajaa nayo. Tuligawa vitabu kimoja kwa watu watatu. Asubuhi nzima hatukuwa na haraka, kwa sababu wanafunzi walikuwa wengi, na wimbo mpya uliwashinda, kisha ukawanyookea kidogo. Almasi iliwasumbua. Yule wa Dayton kila akifika kwenye mi aliinua nyusi na kufumba jicho moja. Mama mwenye nywele nyekundu alisema yeye ni muuguzi wa zamu ya usiku na hajawahi kupiga kelele namna ile bila kufukuzwa kazi. Zula alipita nyuma yao akiwagonga mabegani kwa kidole, fa, sol, la, kama alivyogongwa na baba yake.

Mchana tulikula nje kwenye meza ndefu: kuku wa kukaanga, mkate wa mahindi, maharage, pudingi ya ndizi iliyokwisha kabla mimi sijafika, na chai baridi ya sukari kwenye ndoo. Tulipokuwa tunaosha vijiko basi la Jolena likafika kwenye uzio, likashindwa kupita, naye akashuka akatembea kwa miguu, vipodozi vya jana usiku bado machoni. Wengi walikuwa wamekwisharudi ndani kuwahi viti. Aliingia mlangoni, akatazama mraba, akasimama.

Hapakuwa na nafasi. Akapita kando ya ukuta hadi benchi la sauti ya juu, akainama. "Samahani. Nisogezeeni kidogo?"

Yule wa Dayton, macho kwenye kitabu, hakugeuka. "Unaimba sauti gani?"

"Ya juu."

"Pole sana, binti. Sisi tumejaa. Jaribu besi, wale wana nafasi."

Benchi zima la besi likaripuka kwa kicheko. Mtu wa Dayton akainua uso, akaona ni nani, akawa mwekundu kuliko nyanya. Alitaka kusimama, lakini Zula alimtangulia kutoka upande wa pili.

"Kaa, baba! Umewahi, umekaa. Jolena, umechelewa. Dirisha lile halina mtu."

Jolena akapanda kwenye kizingiti cha dirisha, akakunja miguu, akatabasamu kama mtoto aliyepewa kona yake ya zamani. Muuguzi akamnyooshea nusu ya kitabu chake juu ya bega.

Mtu akaingia katikati kuongoza, akaita ukurasa. Zula akafumba macho. Safari hii alikaa muda mrefu, na nilijua anafanya nini. Alikuwa anasikiliza pumzi. Zilikuwa nyingi, na nyingi zilikuwa ngeni, na zilimjia toka upande ambao kwa miaka hakusikia ila pumu ya mtu mmoja.

Akatoa noti.

Ilikuwa juu. Ilikuwa juu kuliko alivyowahi kutupa tangu tulipomzika baba yake. Orbie aligeuza shingo nzima.

"Zula," akanong'ona, "utatuua."

"Fungua mdomo, Orbie," Zula akasema, na mkono ukashuka.